Fulana ya Njano

Toledo, Ohio
Jumatano, 19 Septemba 1973

Leona mpenzi,

Tumefungwa 27 kwa 10, kama ulivyokwisha kusikia redioni. Stas akikuambia kwamba mimi ndiye niliyempitisha yule jitu namba 76 hadi akamfikia mchezeshaji ninayemkinga, mwambie nilikuwa nimeshamlaza mmoja na sikuweza kujigawa mara mbili. Kaka yangu anaujua mpira wa Kimarekani akiwa kwenye kiti cha baa.

Uliuliza kocha mpya yukoje. Harlan Stroud hanywi, hatukani na hacheki. Yeye humwita kila mtu "bwana", hata yule anayemfukuza. Siku ya kwanza kambini alituambia kuwa Wahunzi wa Toledo walishindwa mwaka jana kwa sababu wanapenda kuumwa. "Humu kuna watu," alisema, "wanaoijua meza ya kukandwa kuliko mistari ya uwanja." Akamwagiza Marchetti, mtibabu wetu, alete boksi. Ndani mlikuwa na fulana za njano. Anayesema ameumia anavaa ya njano, anafanya mazoezi peke yake kule kwenye uzio, anakula meza yake, na hakuna kumsemesha mpaka airudishe.

Pruitt aliivaa siku tatu kwa ajili ya goti. Akipita, vijana wanamlilia kama vifaranga: "Chwi, chwi, chwi! Mama yuko wapi?" Siku ya nne akairudisha. Goti bado limevimba kama tikiti. Tangu hapo boksi halijafunguliwa, na kocha anawaambia waandishi kwamba timu yake ndiyo yenye afya kuliko zote kwenye ligi.

Mimi niko fiti. Mbusu Tessie.

Kaz


Shamokin, Pennsylvania
Jumanne, 2 Oktoba 1973

Kaz,

Mechi tatu, hakuna ushindi. Padri Gorski aliwaombea Jumapili, na Bi Olszewski akanong'ona nyuma yangu, "Angeanza na kocha."

Tessie ameng'oka jino lingine na anataka lihifadhiwe mpaka baba arudi. Liko kwenye kikombe cha mayai. Paa nimelifanyia marekebisho, kwa hiyo hilo usilifikirie.

Barua yako ya juzi nimeirudia mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuiweza. Herufi zimelala ubavu. Unaandikia wapi, juu ya farasi? Na Jumapili kwenye simu uliniambia "subiri kidogo", nikasikia kitu kimeanguka na kuvunjika, ukarudi ukasema ni paka.

Kaz, huna paka.

Leona


Toledo
Jumanne, 9 Oktoba 1973

Leona,

Paka ni wa jirani. Barua niliandikia ndani ya basi la timu, na dereva wetu hajui kukwepa shimo. Umeridhika?

Jana kocha alituonyesha filamu ya mechi ya Jumapili. Kila mtu akikosea anaisimamisha na kuirudisha nyuma, anaisimamisha tena. Alipofika kwangu akaniuliza, "Bwana Wojtanek, hapa ulikuwa unamngoja nani?" Nilichelewa kidogo tu kunyanyua mkono. Nikamjibu, "Basi la timu, kocha." Chumba kizima kikacheka, yeye hakucheka. Akasema, "Nahodha akichoka, timu hulala."

Kisha kwenye kuoga vijana wakanianza. "Mzee, tukuletee mkongojo?" "Mwacheni babu, alicheza na Nuhu." Niliwaambia Nuhu alikuwa na wazuiaji bora kuliko wao, walau waliingia wawili wawili. Lakini Leona, unapaswa kuviona vile viwiliwili. Tolliver, mchezeshaji wetu, hawezi kuvuta pumzi bila kukunja uso, mbavu. Pruitt na goti. Yule mlinzi wa kushoto anaziba jicho moja ili asione viwili. Na saa mbili asubuhi wote wamesimama mstarini: "Tuko fiti, kocha!"

Nyuma yangu kuna kijana mmoja tu, Dewey Pickens wa Arkansas, miaka ishirini na mbili. Akiingia kucheza nafasi yangu watampita kama mlango wa baa, na Tolliver atabebwa kwa machela. Kwa hiyo niko hapa.

Kaz


Shamokin
Jumanne, 16 Oktoba 1973

Kaz,

Kwa kuwa mlicheza na Philadelphia, mara hii tulionyeshwa mechi kwenye televisheni. Tuliwatazama ukumbini kwa Wapolandi, watu wote, moshi hadi darini, Stas mbele kabisa akifundisha timu kwa kelele.

Miaka kumi na moja nimekutazama ukiinama juu ya mpira na kuupitisha nyuma katikati ya miguu yako. Siku zote kwa mkono wa kulia. Jumapili, robo nzima ya pili, uliutoa kwa kushoto. Mara mbili Tolliver aliudaka karibu na goti.

Nikamuuliza Stas. "Mbinu mpya hiyo, shemeji," akasema. "Wanawababaisha wale." Nikamwuliza wanawababaisha vipi kwa kuwapa mpira. Akaenda kuchukua bia nyingine.

Na nilikuona ulipogongana na yule mnene, ukabaki umepiga magoti, mkono wa kulia umening'inia kama wa mtu mwingine. Uliuokota kwa ule wa kushoto ukauweka juu ya paja. Kamera ikaenda kwingine.

Niambie una nini. Simuulizi nahodha wa Wahunzi, namuuliza mume wangu.

Leona


Toledo
Ijumaa, 19 Oktoba 1973

Leona,

Ni kidole. Kidole gumba kimeteguka, kila mtu katika kazi hii ana kidole kama hicho. Kitapona Desemba kama vyote vingine.

Najua unachofikiria. Unamfikiria baba yako. Mimi si baba yako na huku hakuna mgodi.

Sasa nisikilize. Tunacheza ugenini Baltimore tarehe 28, na kocha atatupa Jumatatu mapumziko. Nitakuja nyumbani usiku huo. Nitakula kabichi yako, nitaliona jino la Tessie, na hatutazungumzia habari hii. Usimwambie Stas. Usimwambie mke wa Tolliver, yeye ni redio. Ikimfikia Stroud nitavaa ile njano mbele ya watoto ninaowaongoza, mwaka wangu wa mwisho. Baba yangu alishuka mgodini na mguu uliovunjika. Ukinipenda, nyamaza.

Kaz


Shamokin, Pennsylvania
Jumanne, 30 Oktoba 1973

Kwa Kocha Harlan Stroud
Klabu ya Wahunzi wa Toledo

Kocha Stroud,

Hunifahamu. Mimi ni mke wa Casimir Wojtanek, anayekutolea mpira. Hajui kama nakuandikia, na akijua hatanisamehe upesi. Naomba usome hadi mwisho.

Jana asubuhi alikuwa hapa nyumbani. Nilikuwa nakaanga soseji. Kikaango changu ni cha chuma chote, mpini nao ni chuma, mimi hukishika kwa kitambaa kilichokunjwa mara mbili. Mume wangu alikuwa anamsimulia binti yetu kichekesho kuhusu askofu na mbuzi. Akanyoosha mkono wa kulia, akakishika kikaango kwa kiganja kitupu, akakitoa motoni, akakibeba hadi mezani. Alikuwa bado anasimulia. Mtoto ndiye aliyesema, "Baba, kuna harufu." Ngozi ya kiganja ilibaki kwenye mpini.

Hakuhisi, Kocha. Alikitazama kile kiganja kama anamtazama mtu asiyemjua. Kisha akaniambia, "Hujaona kitu."

Baba yangu alipigwa na jiwe la mgodini nyuma ya shingo. Wiki za kwanza ilikuwa mkono tu. Aliangusha vikombe, tukamcheka. Akarudi kazini, akapigwa mara ya pili kidogo tu, na baada ya hapo nilimlisha kwa kijiko miaka tisa mpaka tulipomzika. Kwa hiyo najua ninachokiona. Tatizo la Kaz haliko mkononi. Liko shingoni, na kila Jumapili unamtuma akapige watu kwa kichwa.

Sikuombi umwonee huruma. Nakuomba umpeleke hospitali apigwe picha ya shingo.

Leona Wojtanek


Toledo, Ohio
2 Novemba 1973

Bi Wojtanek,

Nimepokea barua yako ya tarehe 30.

Katika klabu hii mchezaji aliyeumia ana njia ya kusema, na njia hiyo iko wazi kwa wote kwa usawa. Jina la mumeo halijawahi kufika kwa mtibabu msimu huu. Hata hivyo, kwa kuwa umeniandikia, leo asubuhi nilimuuliza mbele ya timu nzima kama ana maumivu yoyote. Alijibu, "Niko fiti, kocha." Niliwauliza na wengine. Wote walijibu hivyo hivyo. Kuhusu kiganja, alisema aliungua akichoma nyama.

Nimepoteza mechi sita na kutoka sare moja. Gazeti la hapa linaniita mchimba kaburi. Sina sababu ya kumficha mgonjwa, bibi; lakini pia siwezi kumtoa nahodha wangu kwa neno la mtu aliye jimbo jingine. Mumeo ndiye mtu mkweli kuliko wote nilionao.

Wako kwa heshima,
H. Stroud


Shamokin
Jumatatu, 5 Novemba 1973

Kocha Stroud,

Ulimuuliza mbele ya wanaume arobaini. Ulitarajia aseme nini?

Mwite peke yake. Funga mlango. Usimuulize kama anaumwa, kwa sababu haumwi, na hilo ndilo tatizo. Mwambie afumbe macho anyooshe kiganja cha kulia, umwekee kitu chochote, kisha akuambie ni nini. Watoto huucheza mchezo huo. Hautakugharimu hata dakika tano.

Kama atakitaja, sitakuandikia tena kamwe.

L. Wojtanek


Toledo
Alhamisi, 8 Novemba 1973

Leona,

Nilijua ni wewe kabla hajamaliza kuufunga mlango.

Akaniambia, "Bwana Wojtanek, fumba macho, nyoosha mkono." Nikacheka. Nikamuuliza kama ananipa peremende. Akasema, "Fumba macho, bwana." Nikafumba, kiganja juu, na bandeji yako. Ningeweza kubahatisha, Leona. Nilikuwa nimejiandaa kubahatisha. Nilikuwa nangoja tu nihisi ameweka, hata kwa uzito, niseme sarafu, niseme funguo.

Nikangoja. Nikamwambia, "Basi weka, kocha."

Nikasema tena, "Weka basi, tuna mazoezi."

Nilipofumbua macho filimbi yake ilikuwa kiganjani mwangu na kamba yake imezunguka kidole.

Akaichukua filimbi, akakaa. Kisha akamwita Marchetti, na Marchetti akaja na boksi. Nililiomba lile boksi lipasuke. Nikavaa njano, nikapita katikati ya chumba cha kubadilishia nguo. Nilikuwa nimejiandaa kwa "chwi chwi". Hakuna aliyelia. Ningependa wangelia. Walitazama sakafu, wote, hata Dewey, na Dewey alikuwa amegeuka kijani kwa sababu ndiye anayeingia Jumapili.

Kesho nakwenda kupigwa picha. Wewe umeshinda. Nilikuomba jambo moja katika ndoa yetu nzima. Sikukuomba ujinga wala uongo. Nilikuomba ukae kimya tu, wiki nane, nimalize kazi yangu kwa miguu yangu.

Usiniandikie. Simu nitampigia Tessie.

Casimir


Toledo, Ohio
30 Novemba 1973

Bi Wojtanek,

Mumeo ameniambia hamwandikiani. Si kazi yangu, lakini naona una haki ya kupata habari kwa mtu aliyeziona.

Mifupa miwili ya shingo imeteleza na inaukandamiza mshipa wa mkono. Daktari wa chuo kikuu aliniwekea picha dirishani na kunionyesha nafasi iliyobaki kati ya mfupa na uti wa mgongo. Ni unene wa kadi ya posta. Nilimuuliza pigo moja zaidi lingefanya nini. Alisema, "Inategemea unamaanisha pigo la aina gani. Hata la kawaida lingetosha." Mumeo alikuwa amekaa hapo hapo. Alimuuliza daktari kama anaweza kucheza Jumapili. Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

Kuna jambo la pili. Jumatano iliyofuata niliingia chumba cha kubadilishia nguo, nikalibeba lile boksi mwenyewe hadi kwenye pipa la takataka nje, nikarudi nikasema kuwa anayetaka kumwona Marchetti aende sasa, na kwamba sitaandika jina la mtu. Nilitegemea wawili au watatu. Tolliver alisimama. Pruitt akasimama. Baada ya hapo sikuweza kuwafuatilia. Foleni ilitoka mlangoni ikapinda korido, Bi Wojtanek, nami nilisimama mwisho wake nikiwatazama migongo. Mbavu zilizovunjika, kifundo kilichopasuka, mtu mwenye jicho moja linalofanya kazi. Nikamuuliza Marchetti kwa nini hakuniambia. "Uliniambia wamepona, kocha," akasema. "Nikaona wewe ndiye mkubwa."

Miezi mitatu niliwaonyesha filamu za makosa yao na kuwaita wavivu. Walikuwa wanacheza nusu watu, na wananidanganya kwa adabu, kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha kudanganya. Niliwauliza swali lenye jibu moja tu.

Jumapili iliyopita tulicheza na wale waliobaki wazima. Tulifungwa 44 kwa 3. Kijana Pickens alirusha mpira juu ya kichwa cha mchezeshaji mara nne. Mwenye timu hakutaka kusikia habari za foleni. Sitamaliza Desemba hapa, na sikuandikii ili unihurumie.

Mumeo anahudhuria mazoezi kila siku. Hanisemeshi. Anasimama nyuma ya Pickens na kumwelekeza.

H. Stroud


Shamokin
Jumanne, 4 Desemba 1973

Kaz,

Ulisema nisiandike. Nimekaa karibu mwezi. Hii ni fupi.

Sitaomba radhi. Nimejaribu kuiandika hiyo barua ya radhi mezani hapa, na kila nikifika kwenye neno lenyewe naona kile kikaango. Kama ulitaka mke wa kunyamaza, ungemwoa mwingine. Mimi nilimlisha mwanaume mzima kwa kijiko na kumfuta mdomo, nikiwa na umri wa miaka kumi na sita, na hakuwa na la kuniambia isipokuwa kwa macho. Afadhali unichukie ukiwa umesimama.

Stas alianza kunisema ukumbini, kwamba nimemvua ndugu yake suruali mbele ya Amerika nzima. Nilimwambia aje nyumbani niweke filimbi kiganjani mwake. Hajaja.

Upande wako wa kitanda bado ni ule ule.

Leona


Toledo
Jumatatu, 17 Desemba 1973

Leona,

Tumemaliza. Mechi kumi na tatu tumefungwa, moja sare, hakuna ushindi. Jana mvua ya barafu ilinyesha na watu waliokuja uwanjani wangeenea ukumbini kwetu. Wengine walivaa mifuko ya karatasi vichwani wasijulikane. Dewey alitoa mipira yote salama. Tulifungwa 17 kwa 14, na Tolliver alitoka uwanjani kwa miguu yake.

Stroud amefukuzwa leo asubuhi. Alipita kwenye makabati akimpa kila mtu mkono. Alipofika kwangu akanyoosha wa kushoto. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo, na sikujua nitazame wapi. Akasema, "Bwana Wojtanek, nilikuita mtu mkweli." Nikamwambia, "Ndiyo, kocha, ulikosea." Basi ndipo nilipomwona akicheka, mara moja, kama mtu anayekohoa. Akaenda zake na sanduku lake.

Wanataka kunipasua Januari, Philadelphia. Daktari anasema mkono unaweza kurudi wote, unaweza kurudi nusu, unaweza kubaki ulivyo. Kutembea nitatembea. Alilisema hilo la mwisho kwa haraka kana kwamba ni dogo.

Bado nina hasira nawe, Leona. Nataka uijue hiyo kabla sijafika, nisije nikaonekana nimekuja na tabasamu la bandia. Nikiwa pale pembeni kila Jumapili, nimevaa koti, nilikuchukia robo mbili za kwanza na kukushukuru robo mbili za mwisho, na Jumapili iliyofuata naanza upya. Sijui itakwisha lini. Nimemuuliza Marchetti, yeye kaoa mara tatu. Anasema hiyo ndiyo ndoa yenyewe.

Jumamosi tarehe 22 nitashuka kituo cha basi cha Harrisburg saa tisa alasiri. Gari langu nimemwachia Dewey alilete masika, siwezi kushika usukani. Siwezi pia kufunga vifungo vya shati wala kukata nyama. Hayo sijamwambia mtu.

Njoo wewe kunichukua, usimtume Stas. Stas ataniuliza kwa nini siendeshi.

Kaz